OpenSSL, GnuTLS au Mbed TLS: ipi itakufaa siku cheti kitakapokataliwa?

Mwandishi wa programu wa Unguja au Pemba anayeanza kazi inayohitaji mawasiliano yaliyosimbwa huzikuta maktaba tatu (mikusanyo ya msimbo ulioandikwa tayari) mbele yake hata kabla ya kuzitafuta. Ya kwanza ni OpenSSL, ambayo imo karibu katika kila seva ya Linux. Ya pili ni GnuTLS, ambayo imekaa chini ya programu nyingi za Debian na Ubuntu bila ya wenyewe kuiona. Na ya tatu ni Mbed TLS, ambayo huja pamoja na zana za kuandikia programu za ESP32, kompyuta ndogo ya chipu moja inayotiwa ndani ya vifaa. Zote tatu zinaendesha TLS 1.2 na TLS 1.3, yaani kanuni za kusimba mawasiliano ya mtandaoni, zote zinasoma vyeti vya X.509, yaani hati za kidijitali zinazothibitisha utambulisho wa seva, na zote zinapatikana bila ya malipo. Anayezilinganisha kwa kutazama orodha ya uwezo wao hatatoka na jibu. Mimi nazipima kwa jambo jengine: siku muunganisho utakapokatika kwa sababu ya cheti, maktaba itakueleza nini, na mtu aliye karibu na mashine ataweza kufanya nini kwa maelezo hayo?

Kipimo hicho kina uzito wake hapa kwetu. Mara nyingi aliyeandika programu yuko Mji Mkongwe, na mashine iko Nungwi, Makunduchi au Wete, na kinachowaunganisha ni safari ya boti au simu ya mtu wa mapokezi anayesoma kilichoandikwa kwenye skrini. Ujumbe wa hitilafu unaoweza kusomwa kwa simu na ukaeleweka ni sehemu kubwa ya matengenezo yenyewe.

Nani anahakiki asipoambiwa?

Tofauti ya kwanza ndiyo yenye madhara makubwa zaidi, kwa kuwa haionekani mpaka siku ya shari. Programu ya upande wa mteja iliyoandikwa kwa OpenSSL haihakiki cheti cha seva isipoagizwa. Usipoita `SSL_CTX_set_verify` kwa thamani ya `SSL_VERIFY_PEER`, muunganisho utafanikiwa hata kama aliye upande wa pili ametengeneza cheti chake mwenyewe jana usiku. Na ukishaiita, bado hujalihakiki jina: cheti halali cha tovuti nyengine yoyote kitapita, mpaka uongeze `SSL_set1_host`, funksheni iliyoletwa na toleo la 1.1.0. Kuna na hatua ya tatu, `SSL_set_tlsext_host_name`, ambayo huiambia seva ni jina gani linaloombwa; ukiisahau, seva inayohudumia tovuti nyingi kwa anwani moja inaweza kukupa cheti cha tovuti jirani, nawe ukabaki kutafuta kosa mahali ambapo halipo.

GnuTLS nayo haihakiki yenyewe, lakini tangu toleo la 3.4.6 kuna `gnutls_session_set_verify_cert`, ambayo inapokea jina la seva na kuhakiki mnyororo wa vyeti (kuanzia cha seva hadi mzizi, yaani cheti cha juu kabisa cha mamlaka iliyovitoa) pamoja na jina hilo katika hatua ya mwanzo ya muunganisho. Mstari mmoja unafanya kazi ya miwili, na kwa mtu anayeandika kwa mara ya kwanza naona hii ni hifadhi kubwa.

Mbed TLS imekwenda njia iliyo salama zaidi: mipangilio yake ya kawaida ya upande wa mteja inalazimisha uhakiki. Hata hivyo, kwa miaka mingi ilikuwa na pengo la jina. Mwandishi aliyesahau kuita `mbedtls_ssl_set_hostname` alipata muunganisho uliokubali cheti chochote kilichotolewa na mamlaka ya vyeti inayoaminika, na hakuna kilichomwonya. Toleo la 3.6.3 la mwaka 2025 limeziba pengo hilo kwa kuukataa muunganisho wa namna hiyo. Kwa hivyo, programu iliyokuwa ikifanya kazi miaka yote ikigoma ghafla baada ya kusasisha Mbed TLS, angalia kwanza hapo, na ushukuru kwamba imegoma.

Maneno ya hitilafu

Tuchukue hali moja inayotokea mara kwa mara. Hoteli ndogo ya ufukweni imebadilisha cheti cha seva yake ya nafasi za wageni. Mwenye hoteli anaifungua tovuti kwa simu yake na inafunguka vizuri, lakini programu ya mapokezi inakataa kuunganishwa. Anayejua kazi atafungua terminali na kuandika `openssl s_client -connect` pamoja na jina la seva na lango la 443, na chini ya majibu marefu atakuta nambari 20 au 21. Nambari 20 maana yake ni kwamba mtoaji wa cheti hakupatikana miongoni mwa wanaoaminika. 21 maana yake ni kwamba cheti cha kwanza hakikuweza kuthibitishwa. Zote mbili zikitokea pamoja, mara nyingi kosa liko kwenye seva: imetuma cheti chake peke yake bila ya cheti cha kati kinachokiunganisha na mzizi. Simu ilifunguka kwa sababu vivinjari vingi vina njia zao za kukipata cheti cha kati kinachokosekana, ilhali maktaba hizi tatu, kwa matumizi ya kawaida, hazendi kukitafuta. Dawa ni kuweka kwenye seva faili lenye mnyororo kamili, ambalo Certbot, programu ya kuchukua na kusasisha vyeti, huliita `fullchain.pem`, badala ya `cert.pem`.

Nambari za OpenSSL zinafaa kukaririwa kwa sababu zinazotokea mara kwa mara ni chache na hazibadiliki: 9 ni cheti ambacho muda wake haujaanza, 10 ni kilichokwisha muda, 18 ni kilichojisaini chenyewe, 62 ni jina lisilolingana. Lakini tahadhari: `s_client` huonyesha kosa kisha ikaendelea na muunganisho kana kwamba hakuna lililotokea, na wengi wameliona neno la kuunganishwa wakaamini kwamba mambo ni sawa. Iandikie `-verify_return_error` ili isimame panapostahili kusimama.

Ndani ya programu yenyewe, OpenSSL ni ngumu zaidi kuliko ilivyo kwenye terminali. Makosa yake hupangwa katika foleni ya kila uzi wa programu, na foleni hiyo isiposafishwa kwa `ERR_clear_error` kabla ya kusoma au kuandika, kosa la zamani linaweza kujitokeza kama maelezo ya kosa jipya. Nimeona watu wazima katika fani hii wakisaka hitilafu ya cheti ambayo kwa hakika ilikuwa mabaki ya faili lililoshindwa kusomwa mapema. Vilevile, tangu toleo la 3.0, seva inayokata mawasiliano bila ya kuaga huripotiwa kama `unexpected eof while reading`, kosa ambalo matoleo ya nyuma yaliliripoti kwa namna nyengine. Programu ya zamani iliyohamishiwa toleo jipya inaweza kulalamika kwa jambo ambalo lilikuwepo siku zote.

Hapa ndipo GnuTLS inapowatangulia wenzake, kwa maoni yangu. Matokeo ya uhakiki wake si nambari moja. Ni mkusanyiko wa alama, kila moja ikiwa na sababu yake, na `gnutls_certificate_verification_status_print` huzigeuza alama hizo kuwa sentensi. Cheti kilichokwisha muda na ambacho pia mtoaji wake hajulikani kinaweza kuelezwa kwa sababu zote mbili kwa pamoja, ilhali kwa OpenSSL, usipoandika funksheni yako ya kukusanya makosa, unabaki na moja, unalitengeneza, kisha unakutana na la pili. Mtu wa mapokezi anaweza kuisoma sentensi ya GnuTLS kwa simu nawe ukaelewa. Zaidi ya hayo, unaweza kuweka `GNUTLS_DEBUG_LEVEL` katika mazingira ya mfumo na kupata maelezo ya ndani bila ya kuijenga upya programu, jambo lenye thamani kubwa kwa mashine iliyo mbali.

Mbed TLS ina tabia mbili. Kosa la juu huwa ni nambari kavu, kama `-0x2700`, ambayo inasema tu kwamba uhakiki wa cheti umeshindwa. Anayeishia hapo ataona maktaba hii haina msaada. Lakini ukiita `mbedtls_ssl_get_verify_result` utapewa alama zinazofanana na za GnuTLS: 0x01 ni muda uliokwisha, 0x04 ni jina lisilolingana, 0x08 ni mtoaji asiyeaminika, na 0x0200 ni cheti ambacho muda wake haujaanza. Ukiona `0x0208` basi umepata mawili kwa mara moja. `mbedtls_x509_crt_verify_info` itakuandikia sababu hizo kwa maneno, mradi kifaa kina nafasi ya kuyaweka.

Saa, umeme na kifaa cha ghalani

Hiyo alama ya `0x0200` inastahili nafasi yake, kwa sababu hapa visiwani ina mwenzake anayejulikana, nao ni umeme kuzimika. Chukua kifaa cha ESP32 kinachopima unyevu katika ghala la karafuu Pemba na kutuma vipimo kwenye seva iliyoko Unguja. ESP32 haina betri ya saa. Umeme ukikatika na kurudi, kifaa kinaamka kikiamini kwamba ni tarehe 1 Januari 1970. Cheti cha seva kilichotolewa mwezi uliopita kinaonekana kwake kuwa ni cha miaka zaidi ya hamsini ijayo, na kifaa kinakikataa.

Wengine watasema kwamba vifaa vyao havijawahi kulalamika. Sababu yake si njema: ESP-IDF, yaani zile zana za ESP32, katika mipangilio yake ya kawaida, huliacha jambo la tarehe bila ya kuangaliwa mpaka uwashe `MBEDTLS_HAVE_TIME_DATE`. Kifaa ambacho hakijawashiwa hilo hukubali hata cheti kilichokufa zamani. Mwandishi makini anapouwasha uhakiki wa tarehe ndipo tatizo la saa linapofichuka, na kishawishi cha kuuzima tena huwa kikubwa. Usiuzime. Tia moduli ya saa yenye betri yake ndogo, kama DS3231, au uifanye programu ichukue saa kwa SNTP (njia ya kuuliza saa mtandaoni) kabla ya kufungua TLS, ukijua kwamba SNTP ya kawaida haijalindwa na anayeushika mtandao anaweza kuidanganya. Njia ya tatu ni kuhifadhi tarehe ya mwisho inayojulikana katika kumbukumbu ya kudumu ya kifaa, na kuikataa tarehe yoyote iliyo nyuma yake.

Tatizo hilo halimuachi anayetumia OpenSSL au GnuTLS kwenye Raspberry Pi, kwani kompyuta hizo ama hazina saa yenye betri au, kama Raspberry Pi 5, zina nafasi ya betri inayonunuliwa mbali. Tofauti ni kwamba kwenye Linux utapata nambari 9 au sentensi ya wazi, na utaweza kuandika `date` ukajionea mwenyewe. Kwenye kifaa kidogo huna skrini. Una waya wa USB na subira.

Mafaili

Makosa mengi yanayoitwa ya usimbaji ni makosa ya mafaili, na kila maktaba ina mtego wake.

Mtego wa OpenSSL kwa sasa ni PKCS#12, yaani mafaili ya `.p12` na `.pfx` ambayo taasisi nyingi huyatoa yakiwa na cheti na ufunguo wa siri pamoja. Mengi ya zamani yamefungwa kwa RC2 ya biti 40, na OpenSSL 3.0 iliyotolewa Septemba 2021 imeziondoa njia hizo dhaifu katika matumizi ya kawaida. Utaona neno `unsupported` na hutaelezwa kwamba nenosiri lako ni sahihi. Lifungue faili mara moja kwa `openssl pkcs12 -legacy`, kisha ulifunge upya kwa njia ya kisasa. Usiiachie programu nzima ikatumia njia za zamani kwa ajili ya faili moja.

Mtego wa Mbed TLS ni mdogo lakini umewapotezea watu muda mwingi. `mbedtls_x509_crt_parse` inapopewa cheti cha maandishi ya PEM, urefu unaotajwa lazima uhesabu na baiti ya sifuri inayomaliza maandishi. Ukitoa urefu wa `strlen` bila ya kuongeza moja, maktaba haitakitambua kuwa ni PEM na itasema kwamba muundo wake ni batili, ingawa faili lenyewe halina kasoro. Tena, funksheni hiyo ikirudisha nambari chanya, maana yake ni idadi ya vyeti vilivyoshindwa kusomwa huku vyengine vikipita. Anayeangalia tu kama jibu ni hasi hataona kitu.

GnuTLS haina mtego wa ukubwa huo ninaoujua, na zana yake ya `certtool` inanipendeza kwa kutengeneza vyeti vya ndani: unaandika faili fupi la maelezo, lenye jina, muda na matumizi ya cheti, kisha unalipa `--template`. Kwa skuli au afisi inayotaka mamlaka yake ndogo ya vyeti kwa ajili ya mashine za ndani, faili hilo linaweza kuhifadhiwa, kusomwa na mrithi wa kazi, na kutumiwa tena. Mipangilio ya `openssl.cnf` hufanya hayo hayo, ila kwa uzito ambao humchosha anayeigusa mara moja kwa mwaka.

Mizizi na muda

Tarehe 30 Mei 2020 mzizi wa AddTrust ulikwisha muda, na programu zilizotumia OpenSSL 1.0.2 au GnuTLS za kabla ya 3.6.14 zikaanza kukataa seva ambazo vyeti vyake vilikuwa na njia nyengine halali ya kuthibitishwa. Tarehe 30 Septemba 2021 ukafuata mzizi wa DST Root CA X3, na OpenSSL 1.0.2 ikajikwaa pale pale kwa vyeti vya Let's Encrypt, mamlaka inayotoa vyeti bila ya malipo. Kwa hivyo toleo la maktaba lina uzito kuliko jina lake. Matawi ya OpenSSL 1.1.1 yalifikia mwisho wake Septemba 2023, 3.0 inahudumiwa na wenyewe hadi tarehe 7 Septemba 2026, na 3.5 hadi tarehe 8 Aprili 2030. Mbed TLS 3.6 imeahidiwa matunzo hadi angalau Machi 2027, muda ambao ni mfupi kwa kifaa kinachofungwa juu ya tangi la maji na kutarajiwa kukaa miaka kumi. Hapo panga mapema namna ya kusasisha programu ya kifaa bila ya kukipandia ngazi.

Muda wa vyeti wenyewe nao unapungua. Vyeti vya Let's Encrypt vimekuwa vya siku 90, na kwa uamuzi wa CA/Browser Forum (jukwaa la mamlaka za vyeti na wenye vivinjari) wa mwaka 2025, kikomo cha vyeti vyote vya tovuti za umma ni siku 200 kuanzia tarehe 15 Machi 2026, siku 100 kuanzia Machi 2027, na siku 47 kuanzia Machi 2029. Let's Encrypt pia iliacha kutuma barua pepe za kukumbusha mwezi Juni 2025. Afisi iliyokuwa ikinunua cheti cha mwaka na kukiweka kwa mkono haina budi kuhamia kwenye usasishaji wa kujiendesha, na hapo linaibuka tatizo ambalo halitegemei maktaba uliyoichagua: OpenSSL na GnuTLS husoma cheti programu inapoanza, na faili jipya kwenye diski halibadilishi kilichomo kwenye kumbukumbu. Linganisha tarehe ya faili na tarehe inayoonyeshwa na `s_client`. Zikitofautiana, seva inahitaji kuambiwa ikisome cheti upya, na Certbot ina `--deploy-hook` kwa kazi hiyo. Kwa upande wa vifaa vidogo, weka ndani yake mzizi unaouamini, kama ISRG Root X1 unaofika mwaka 2035, wala usiweke cheti cha seva chenyewe, kwani kitabadilika kabla ya mavuno yajayo.

Chaguo

Kwa seva ya wavuti, mfumo wa hoteli, au programu ya Python au PHP, chukua OpenSSL. Lugha hizo zimeshajengwa juu yake, hatua za uhakiki zimefanywa kwa niaba yako, na karibu kila kosa utakalokutana nalo limeshaelezwa na mtu.

Kwa programu ya C inayoandikwa upya ili iendeshwe kwenye Linux, na ambayo itatunzwa na watu wachache walio mbali na mashine, napendekeza GnuTLS. Uhakiki wake ni wa mstari mmoja na maelezo yake yanasomeka. Leseni yake ya LGPL inaruhusu kuunganishwa na programu isiyo huria kwa masharti, na OpenSSL tangu 3.0 iko chini ya Apache 2.0 iliyo nyepesi zaidi. Soma kabla ya kumuuzia mteja. Ujue pia kwamba `git` kwenye Debian na Ubuntu imezoeleka kupita kwa GnuTLS ilhali Python inapita kwa OpenSSL, kwa hivyo mashine moja inaweza kuikubali seva kwa mlango mmoja na kuikataa kwa mwengine.

Kwa ESP32 na jamaa zake, Mbed TLS haina mpinzani wa karibu, kwa kuwa imo ndani ya zana zenyewe. Angalia kumbukumbu tu: kila muunganisho hutaka hadi kilobaiti 16 za kupokea data na nyengine za kutuma, na kifaa chenye kilobaiti 520 kwa kila kitu hakihimili miunganisho mingi kwa pamoja. wolfSSL ni mbadala mzuri kwa vifaa hivyo, na inahakiki seva bila ya kuombwa, ikikupa `-188` inapokosa mtoaji. Lakini bidhaa isiyotaka kufuata masharti ya leseni huria ya GPL italazimika kununua leseni.

Na ikiwa tayari unayo programu ya OpenSSL inayofanya kazi, usiihamishe kwa sababu ya maneno mazuri ya GnuTLS. Ifungue leo, utafute `SSL_VERIFY_PEER` na `SSL_set1_host`, na usipoziona, ziongeze kabla ya kugusa kitu chengine chochote.